Vijana wa Kyela: Semina Tumeshiba, Kazi Mtatupa Lini?

Leo tuongelee jambo ambalo mdomoni kila mtu analipenda, lakini ukilichungulia kwa karibu lina walakini. Nalo ni hili la kuwaandaa vijana wadogo wajitolee na kuongoza wenzao kwenye vikundi.

Hapa Kyela, kuanzia mjini mpaka Ipinda, Matema, Ngonga na Kasumulu kule mpakani, habari hiyo siyo ngeni. Makanisa yana semina za viongozi wa vijana. Shule za sekondari zina klabu. Mashirika yanakuja na miradi yao ya mwaka mmoja au miwili. Chama kina chipukizi wake. Wote wimbo ni mmoja: madogo wa miaka 13 mpaka 17 wafundishwe uongozi maana wao ni taifa la kesho. Safi, hakuna anayepinga. Ila mimi nina swali moja tu: wakishafundishwa, wanaongoza nini?

Semina yenyewe mnaijua, wengi wenu mmeshakaa humo. Siku ya kwanza mnajaza majina na namba za simu, halafu kila mtu anataja matarajio yake, yanaandikwa kwa maka peni kwenye karatasi kubwa ukutani. Mwezeshaji anauliza kiongozi bora ana sifa gani. Mnajibu: mwaminifu, mvumilivu, mwenye maono. Soda, vitafunwa. Siku ya pili makundi na igizo. Siku ya tatu mgeni rasmi anachelewa masaa mawili, anahutubia, anagawa vyeti, picha ya pamoja, nauli, kwaherini.

Nimekaa kwenye semina za namna hiyo zaidi ya moja tangu nikiwa sekondari, na sisemi hazina faida. Mtu aliyekuwa anaogopa kusimama mbele za watu anatoka na sauti. Lakini mtafute yule dogo mwenye cheti baada ya mwezi mmoja. Utamkuta kwenye kikundi chake anapanga viti na kuchota maji ya wageni. Mwenyekiti ana miaka 33, katibu ana 31, mweka hazina ana 37 ila kwenye fomu kaandika 34. Cheti kiko kwenye begi chini ya nguo. Uongozi aliofundishwa hauna pa kutokea.

Hoja yangu leo ni hiyo. Tatizo letu siyo uhaba wa mafunzo. Tatizo ni kwamba tunawafundisha watu kazi ambayo hatuna mpango wa kuwapa.

SKAFU SHINGONI

Chukueni mfano ambao kila mtu ameuona. Kiongozi mkubwa akija wilayani, wanaandaliwa vijana wa skauti au chipukizi wamvalishe skafu. Wanapiga saluti, wanapigwa picha, watu wanapiga makofi. Baada ya hapo madogo wanarudi nyuma kabisa kwenye jua, wakubwa wanaingia ndani kuongelea maji, barabara na vyumba vya madarasa. Yaani wanaongelea maisha ya hao hao waliobaki nje.

Mwaka 1992 kuna mtaalamu anaitwa Roger Hart aliwaandikia UNICEF kijitabu kuhusu ushiriki wa watoto. Alichora ngazi yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini alisema kabisa kwamba siyo ushiriki: mtoto kutumiwa na wakubwa, mtoto kuwekwa kama pambo, na mtoto kupewa nafasi ya jina tu. Kipandio cha juu kabisa ni pale watoto wanapoanzisha jambo wenyewe na kuamua pamoja na watu wazima. Angalieni hapo: hata kileleni mtu mzima bado yupo. Hakuna anayesema wazee waondoke. Kinachotakiwa ni dogo awe na kauli.

Kinachochekesha ni kwamba skauti yenyewe haikuanzishwa kwa ajili ya skafu. Baden-Powell alipoandika kitabu chake mwaka 1908, uti wa mgongo wa mpango wake ulikuwa kikosi kidogo cha vijana sita mpaka wanane, kinachoongozwa na mmoja wao. Siyo na mwalimu, na mmoja wao. Yule kiongozi mdogo anawajua wenzake kwa majina, anajua nani kaumwa, nani hana viatu, na anawajibika kwa wote. Huo ndio uongozi ambao mtoto wa miaka 14 anaumudu. Sisi sehemu nyingi tumechukua skafu, kikosi tukakiacha.

KWANI KIJANA NI NANI?

Hapa ndipo mambo yanapojikoroga. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 nao unasema hivyo hivyo. Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake unaishia miaka 24. Wakati huo huo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo dogo wa miaka 16 ni mtoto na ni kijana kwa wakati mmoja. Kwa vitendo maana yake ni hii: kwenye kubeba mizigo anaitwa kijana, kwenye kuamua anaitwa mtoto.

Sasa weka watu wa miaka 15 na wa miaka 35 kwenye kikundi kimoja halafu mwambie dogo agombee uenyekiti. Atashindana vipi na baba wa watoto watatu? Na huyo kaka mkubwa wala siyo mtu mbaya. Fedha zenyewe zimepangwa hivyo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, inakopeshwa kwa watu kuanzia miaka 18. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na ilivyorudi vikundi vikaanza tena kujipanga. Kikundi kinachotafuta mkopo lazima kiweke mbele watu wazima wa kutia saini benki. Na kwa kuwa karibu kila kikundi kinatafuta mkopo, wadogo wanasukumwa pembeni bila mtu yeyote kukusudia.

Lakini Sheria ya Mtoto hiyo hiyo inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki kwenye maamuzi yanayogusa ustawi wake. Na inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Hilo la kazi tunalikumbuka vizuri. Msimu wa mpunga ukifika nani anashinda shambani kufukuza ndege? Nani anabaki na wadogo zake watatu mama akienda mnadani? Nani anajua mtumbwi wa baba umefungwa wapi na upepo wa ziwa ukibadilika ufanye nini? Ni hao hao wa miaka 13, 14. Nyumbani tunawaamini na roho za watu. Kwenye kikundi hatuwaamini hata na daftari la mahudhurio.

MABABU WA HAPA HAPA WALIFANYAJE

Sasa nataka niwaambie kitu ambacho wengi wetu tuliokulia huku hatukufundishwa shuleni. Kati ya mwaka 1934 na 1938 watafiti wawili, mke na mume, Monica na Godfrey Wilson, waliishi huku kwetu Unyakyusa. Monica baadaye aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1951, na kilichowashangaza wasomi dunia nzima ni vijiji vya marika.

Ilikuwa hivi. Mtoto wa kiume kuanzia kama miaka sita alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake. Akifika miaka kumi au kumi na moja anamwachia mdogo wake ng'ombe, yeye na rika lake wanahama. Wanaenda kujenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao. Wanalala huko. Wanalima mashamba ya baba zao, na chakula wanakula kwa mama zao, kundi zima likizunguka nyumba hii na ile. Wazee waliamini kwamba mtu hujifunza adabu na busara kwa kukaa na kuongea na wenzake wa rika. Walikuwa na neno lake, ukwangala, na wazee wa huku bado wanalielewa.

Kwenye mpango ule kuna mambo mawili ambayo mimi naona ni dawa ya tatizo letu la leo.

La kwanza, mlango ulikuwa unafungwa. Kijiji cha vijana kilipokea wadogo mpaka walioanzisha walipofika kama miaka 16 mpaka 18. Baada ya hapo basi. Wadogo waliofuata waliambiwa nendeni mkaanzishe cha kwenu. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache kulikuwa na kundi jipya la watoto wa miaka kumi na kitu wanaojiendesha wenyewe. Hakuna aliyekaa kwenye kiti cha ujana mpaka mvi.

La pili, wakubwa nao walikuwa na siku ya kukabidhi. Kila kizazi kilifika wakati wa sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, ambapo wazee walikabidhi utawala wa nchi kwa rika la watoto wao, ambao wakati huo walikuwa watu wazima wa miaka thelathini na kitu. Malafyale wapya walitambulishwa, wakuu wa vijiji wapya wakateuliwa. Siyo kwamba mzee alinyang'anywa. Alijua tangu mwanzo kwamba siku hiyo ipo.

Msinielewe vibaya, sisemi turudi kujenga vibanda. Mpango ule ulikuwa na ubaya wake na nitausema hapo chini. Ninachosema ni kwamba mtu akikwambia mtoto wa Kiafrika kuongoza wenzake ni mambo ya wafadhili, mwambie babu yake alikuwa na kijiji akiwa na miaka 11.

WALIOJARIBU: MWANZA NA MATHARE

Tuangalie sasa wenzetu waliojaribu kuwapa vijana wadogo uongozi wa kujitolea, wakapimwa matokeo yao.

Mwanza kulikuwa na mpango uliitwa MEMA kwa Vijana. Ulianza 1999 kwenye jamii kumi za vijijini, nyingine kumi zikawa za kulinganisha. Wanafunzi wa darasa la tano mpaka la saba walichagua wenzao, hao wakafundishwa kuigiza michezo mifupi darasani kuhusu afya ya uzazi na UKIMWI. Walimu na wahudumu wa zahanati nao walipewa mafunzo. Matokeo yalitangazwa 2007. Ujuzi wa vijana uliongezeka sana, na walipopimwa tena 2007 na 2008 bado ujuzi ulikuwepo. Lakini maambukizi ya VVU hayakuonekana kupungua ukilinganisha na zile jamii nyingine.

Hili sisi wa Mbeya linatuhusu moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta zaidi ya asilimia 13 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani kwetu wana VVU, na hakuna mkoa uliotuzidi. Utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Kwa hiyo miaka yote hiyo watoto wa huku wamekuwa wakifundishwa kuelimisha wenzao.

Mimi somo la Mwanza naliona hivi. Wale madogo hawakushindwa. Walipewa kazi ya kusema, wakasema, wenzao wakaelewa. Ila kilichokuwa kinawaingiza vijana hatarini ni umaskini, ni watu wazima wenye fedha, ni mila za mtaani, na vitu hivyo mtoto wa darasa la sita hawezi kuviondoa kwa igizo la dakika kumi. Ukimpa mtoto mdomo tu na ukamwachia mzigo wa dunia nzima, unamwonea. Mpe kitu ambacho mkono wake unakifikia.

Sasa nendeni Nairobi, mtaa wa Mathare. Mwaka 1987 ilianzishwa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Raia mmoja wa Kanada, Bob Munro, ndiye aliyeanza nao. Mpango ulikuwa mwepesi: mpira wa watoto, lakini timu haipati pointi za uwanjani tu. Ukishinda mechi unapata tatu. Timu ikienda kusafisha mtaa, kuzoa takataka na kuzibua mitaro, inapata sita. Usafi mmoja una thamani ya ushindi mara mbili! Ligi zenyewe ziliendeshwa na vijana wadogo wa mtaani: kupanga ratiba, kuchezesha mechi, kufundisha wadogo zao, kuchaguana kwenye kamati za maeneo. Na aliyejitolea alihesabiwa pointi zake pia, za utumishi, na waliofanya vizuri walilipiwa karo. Fedha ilienda shuleni moja kwa moja, siyo mfukoni.

Mnaona tofauti? Mathare dogo hakuambiwa "wewe ni kiongozi wa kesho". Aliambiwa Jumamosi saa mbili kuna mechi nne, ratiba iko mikononi mwako, usipokuja watoto themanini wanakosa kucheza. Kesho yake akiwa hodari au mzembe kila mtu ameona.

KADI YA WAJERUMANI

Mfano wa mwisho wa nje. Wamisionari wa Kijerumani walifika kaskazini mwa ziwa letu mwaka 1891, na Matema ni moja ya sehemu walizojenga. Huko kwao leo makanisa, michezo na vyama vya vijana wana kadi inaitwa Juleica, ilianza 1999. Kijana wa kuanzia miaka 16 anayejitolea kuongoza watoto anapitia mafunzo yasiyopungua masaa 30 pamoja na huduma ya kwanza, ndiyo anapata kadi. Masaa 30 siyo mengi, ni kama semina yetu ya siku tatu au nne.

Ila kuna mambo mawili yasiyopo kwetu. Kadi inatolewa kwa mtu ambaye ana kikundi anachokitumikia, siyo kwa aliyekaa kwenye kiti siku tatu. Na kadi inakufa. Baada ya miaka mitatu lazima uende mafunzo mafupi tena, la sivyo huna kadi. Vyeti vyetu havifi. Kuna jamaa ana cheti cha uongozi wa vijana cha mwaka 2009 na hajawahi kuongoza hata foleni ya bomba.

POSHO NA NENO "KUJITOLEA"

Tusidanganyane wadau, posho ipo ndani ya mjadala huu. Semina ikiwa na posho, majina yanayokwenda ni yale yale: mtoto wa katibu, mpwa wa mchungaji, binti wa mwalimu mkuu. Semina ikiwa haina posho, anayeweza kuja ni yule ambaye nyumbani kwao hawamhitaji shambani siku hiyo. Njia zote mbili mtoto wa maskini wa kijiji cha ndani hayupo.

Na neno kujitolea lenyewe limechakaa. Vijana wengi wakilisikia wanaelewa kazi ya bure ya kusubiria ajira. Unakuta mtu ana digrii anafundisha shule ya kata kwa kujitolea miaka miwili, akitumaini jina litaonekana. Dogo anaangalia, anasema kama hiyo ndiyo faida ya kujitolea, bora nikaendeshe bodaboda. Huwezi kumlaumu.

Ndiyo maana napenda ile ya Mathare ya kulipa karo. Siyo mshahara na siyo posho ya kukaa. Ni jamii kusema: umetutumikia, na sisi hatutakubali ukose daftari. Kwetu ada ya sekondari ya serikali mpaka kidato cha nne iliondolewa kuanzia 2016, lakini sare, madaftari, viatu na chakula bado ni mzigo wa mzazi. Kikundi cha kanisa au cha mtaa kinaweza kabisa kununua hivyo kwa vijana watano kwa mwaka, bila mfadhili kutoka popote.

DADA ZETU

Niliahidi kusema ubaya wa vile vijiji vya marika. Vilikuwa vya wavulana tu. Msichana hakuwa na kijiji. Wakati kaka yake anajenga kibanda na kujifunza ukwangala, yeye alikuwa tayari anaangaliwa wa kumwoa, mara nyingi mtu mzima kumpita mbali. Na kile chakula walichozunguka kula wavulana kilipikwa na nani? Jibu mnalo.

Leo tunafanya hivyo hivyo kwa jina jingine. Vikao vya vikundi vinawekwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo binti yuko jikoni au mzazi hataki atembee njia ya giza. Halafu tunasema wasichana hawajitokezi. Zaidi ya hapo, semina za kulala wilaya nyingine, gesti, na watu wazima ambao hakuna anayejua tabia zao, ni hatari kwa mtoto wa miaka 15, na mzazi anayemkatalia binti yake asiitwe mshamba. Kikundi kinachotaka wasichana waongoze kiweke kikao mchana, karibu na nyumbani, awepo mwanamke mtu mzima anayeheshimika, na iwe ni mwiko mtu mzima kukaa peke yake faragha na mtoto. Hizo ni taratibu za bure.

BASI KIFANYIKE NINI

Nisiwe wa kulalamika tu. Angalieni kalenda yetu. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba. Watakaochaguliwa kidato cha tano wanaanza mwezi wa saba. Hiyo ni miezi kama saba mtu wa miaka 16, 17 yuko nyumbani, ana nguvu, anajua kusoma na kuandika, hana cha kufanya. Wasiochaguliwa ndiyo kabisa.

Sasa angalieni mvua. Kyela ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na zinashuka kwa nguvu kuanzia Machi mpaka Mei. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zinajaa. Watoto wa shule ya msingi wanavuka maji kwenda darasani. Vyoo vinafurika, na kila anayekaa huku anajua kipindupindu kinapendelea msimu gani.

Mnaona vitu hivyo viwili vinavyokutana? Msimu ambao watoto wadogo wanahitaji mtu wa kuwaangalia ndiyo msimu ambao waliomaliza kidato cha nne wamekaa kijiweni. Kila kijana apewe watoto nane wa mtaa wake, siyo themanini. Ajue majina yao na wanapita njia gani. Mto ukijaa awazungushe njia yenye daraja au awarudishe nyumbani. Asijaribu kumvusha mtu wala kuokoa aliyezama, hiyo ni kazi ya watu wazima, yeye aite. Awafundishe kunawa na kunywa maji yaliyochemshwa. Jumamosi awachezeshe mpira na rede, awasikilize kusoma. Daftari la mahudhurio awe nalo yeye.

Mtu mzima mmoja awe mlezi wa vijana watano wa namna hiyo. Awasikilize mara moja kwa wiki, asishike maiki. Mafunzo ya siku tatu yawepo, tena na huduma ya kwanza, lakini yaje na kazi mkononi, na yarudiwe katikati ya msimu wakati maswali ya kweli yameshajitokeza. Mwezi wa saba kijana anakabidhi daftari kwa mdogo wake wa kidato cha tatu aliyekuwa msaidizi wake, mbele ya wazazi. Atakayefanya vizuri anunuliwe sare na madaftari. Hapo ndipo apewe cheti, kiandikwe alifanya nini na watoto wangapi, siyo "alihudhuria".

Na kwenye vikundi vikubwa vya vijana, tuwe na ukomo. Ukifika miaka 25 unatoka kwenye uongozi wa vijana, unakuwa mlezi au unaenda kwenye kikundi cha watu wazima cha mikopo. Najua hapa nitatukanwa na mabrazameni wangu. Lakini kaka, kama una miaka 34 na bado unashikilia kiti cha vijana, yule wa 16 atajifunzia wapi? Akija kupewa kiti akiwa na 34 kama wewe, ataongoza kwa namna aliyoiona kwako: kupokea wageni na kujaza fomu.

Hasara ya kuchelewa siyo ya baadaye, ni ya sasa. Dogo ambaye hakuna anayemtegemea kwa lolote anatafuta mahali pa kutegemewa. Kule kijiweni watampokea, watampa jina na kazi siku hiyo hiyo, na hawatamwomba cheti.

Haya wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Nataka kusikia kutoka kwa waliopo chini ya miaka 18 hasa: kwenye kikundi chako, ni kitu gani kimoja ambacho wewe ndiye unaamua? Kama hakipo, andika "hakipo". Wakubwa nanyi karibuni, hoja kwa hoja, matusi hapana.